Kuhama Nyumba ya Wazazi si Kuwahama Wazazi

  

Mas-ala yetu ya leo ni ya kijana anayetoka nyumbani kwa wazazi wake kwa mara ya kwanza ili akaanze nyumba yake. Kwa wengi hili ni jambo la furaha: kitanda kinanunuliwa, vyombo vinapangwa, udi unafukizwa. Lakini hapa Isiolo, ninakoandikia makala haya, jambo hili limeleta machozi katika nyumba nyingi, na suluhu nyingi tunazoitwa kuzifanya baada ya sala ya Isha chimbuko lake ni hapo. Mama husema mwanawe ametekwa na mke. Mke husema ameolewa na mtu mmoja lakini anaishi na ukoo mzima. Mume, naye yuko katikati, husema haogopi kitu duniani kama anavyoogopa kukosa radhi za mama. Kila mmoja ana sehemu yake ya haki, na penye watu wenye haki wanaoteta, elimu huhitajiwa kuliko hasira.

Chukueni mfano mmoja katika hayo tunayoletewa. Kijana ameoa, huu ni mwaka wa tatu, na anaishi na mkewe na mtoto katika chumba kimoja ndani ya ua wa baba yake, mtaa wa Bulla Pesa. Lango ni moja, jiko ni moja, choo ni kimoja, na ndani ya ua wamo ndugu zake wawili ambao hawajaoa. Mkewe hujifunika tangu alfajiri hadi usiku, kwa kuwa hapakosi shemeji uani. Akipika, chumvi imezidi. Asipopika, ni mvivu. Mavyaa huingia chumbani kutafuta sukari bila ya kubisha hodi, wala hafanyi hivyo kwa ubaya, kwani chumba hicho alikifagia yeye kabla ya huyo mkaza mwana kuzaliwa. Siku moja mke akamfunga mtoto mgongoni akarudi kwao Garba Tulla. Kijana akapata chumba cha kupanga mtaa wa pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mama alipopata habari akamwambia kwamba siku atakapolitoa godoro lake pale uani, asiseme tena kuwa ana mama. Kijana akaja na swali moja: nende au nikae?

Kabla ya kumjibu kijana, yatupasa tumfahamu mama. Isiolo ni mji uliojengwa na watu walioacha makwao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapa askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Mwingereza, miongoni mwao Isaaq na Herti, na nyumba za baba zao zilibaki mbali sana na mahali hapa. Kisha ikaja miaka ya vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Waborana wa Waso walikusanywa kambini, mifugo yao ikateketea, na familia ambazo zilizoea kuhama na ng'ombe na ngamia zikajikuta pembezoni mwa mji hazina mnyama hata mmoja. Watoto wa miaka ile ndio nyanya zetu wa leo. Mama aliyelelewa na watu wa namna hiyo amefundishwa na maisha kwamba mtu akiondoka huenda asionekane tena. Khofu yake ina asili yake, na mwana anayeicheka khofu hiyo bado hajamjua mama aliyemzaa.

Lakini khofu, hata ikiwa na asili, si dalili ya sharia; wala si kweli kwamba mila ya wazee ilikataza kuhama. Ulizeni wazee wa huku. Nyumba ya wafugaji, iwe ya Kiborana au ya Kisomali, ni kazi ya mikono ya wanawake na ni milki yao. Bibi arusi alijengewa nyumba yake: fito zikapindwa, mikeka ikatandikwa juu, na siku ya kuhama nyumba yote ikapakiwa mgongoni mwa ngamia. Lugha zenyewe zinashuhudia. Kwa Kioromo, ambacho Kiborana ni tawi lake, mke huitwa haadha manaa, yaani mama wa nyumba. Kwa Kisomali arusi huitwa aqal gal, maana yake ni kuingia ndani ya nyumba, ile nyumba ya mikeka. Nasi Waswahili tunasema kijana amepata jiko. Lugha tatu zimekubaliana kwamba ndoa huanza na nyumba ambayo mwanamke ndiye mwenyewe, na jiko ambalo moto wake anauwasha yeye.

Katika kambi ya wafugaji, nyumba ya mwana aliyeoa ilisimama hatua chache kutoka nyumba ya mama yake: mbali kiasi cha kutosikia maneno ya usiku, karibu kiasi cha kusikia kilio cha mtoto. Wahenga wamesema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wafugaji walilijua hilo kwa mafahali na kwa watu pia. Vikombe vilipogongana, mikeka ilikunjwa ikatandikwa kando kidogo, na ugomvi ukapoa bila ya mtu kuitwa mwasi. Mjini mambo yamegeuka. Ploti ni futi 50 kwa 100, wana wa kiume ni wanne, na kila anayeoa huongezewa chumba cha mabati ubavuni mwa kile cha nduguye. Bei ya ardhi nayo imepanda tangu Isiolo ilipotajwa kuwa kituo katika njia ya LAPSSET itokayo bandari ya Lamu, na kijana wa kawaida hawezi tena kununua kiwanja jirani na baba yake. Ukuta wa mabati haukunjwi kama mkeka. Basi hili tunaloliita mila, watu wote kulala ndani ya ua mmoja na kula chungu kimoja, si mila ya wazee. Ni dhiki ya mji iliyovishwa kanzu ya mila.

Nanyi wasomaji wa pwani msidhani kwamba hili ni la watu wa bara pekee. Wazee wa Lamu waliokuwa na uwezo walikuwa wakimtengea binti nyumba anapoolewa, au wakimjengea orofa juu ya nyumba yao, na bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Nyumba mbili za jamaa zilipotenganishwa na kichochoro ziliungwa kwa wikio, kile chumba kipitacho juu ya njia, ili mama na binti waonane bila ya kushuka barabarani. Atembeaye leo katika vichochoro vya Lamu atapita chini ya mawikio. Na atazame vizuri: juu nyumba zimeshikana, lakini chini kila nyumba ina mlango wake. Mfugaji wa Waso na mjenzi wa Lamu, mmoja kwa mikeka na mwingine kwa mawe, walifikia hekima ile ile.

Sasa tuje kwenye sharia. Katika Surat An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu anaondoa lawama kwa muumini kula katika nyumba za jamaa zake. Anataja nyumba zenu, kisha nyumba za baba zenu, kisha nyumba za mama zenu, kisha za ndugu na ammi na makhale. Angalieni mpango huo: nyumba ya mtu imetajwa mbali na nyumba ya baba yake, na papo hapo mlango wa baba umeachwa wazi na chakula chake kimehalalishwa. Katika Surat At-Talaq, aya ya 6, waume wanaamrishwa kuwapa makao wake waliowapa talaka kwa kadiri ya uwezo wao. Na wanazuoni wakasema, ikiwa hiyo ni haki ya mtalaka aliyemo katika eda, aliyemo katika ndoa ana haki zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho sisi Mashafi tumekisoma misikitini kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa ni wajibu wa mume kumpa mkewe makao yanayomfaa mfano wake, wala si sharti nyumba iwe milki ya mume. Chumba cha kupanga chatosha. Na Imam Kasani wa madhehebu ya Hanafi amebainisha kwamba mke akikataa kuwekwa pamoja na mama wa mume au jamaa zake, ana haki ya kutengewa. Ila ikiwa ndani ya nyumba kimo chumba atakachopewa yeye, chenye mlango wake na kufuli yake, hicho kitamtosha.

Tena liko jambo la mashemeji. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha wanaume na kuingia kwa wanawake wasiokuwa maharimu zao. Alipoulizwa kuhusu jamaa wa mume, alimfananisha na mauti. Hakusema hivyo kwa kuwadhania ubaya mashemeji wote, bali kwa sababu shemeji huingia bila ya kuulizwa, na fitina huja kwa yule asiyetiliwa shaka. Ua wenye vijana wawili wasiooa na mke mmoja asiye na mlango wake ni ua ambao hadithi hiyo inapaswa kusomwa ndani yake.

Hata hivyo mizani ina vitanga viwili. Katika Surat Al-Israa, aya ya 23 na 24, Mola wetu ameambatanisha kuabudiwa Kwake na kuwatendea wema wazazi. Amekataza hata ule mguno wa kuchoshwa, na ameamrisha kuwainamishia bawa la unyenyekevu. Amri hiyo haikuwekewa mpaka wa ukuta wala wa mtaa. Na Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kumpa ahadi ya Hijra, hali amewaacha wazazi wake wakilia. Mtume akamwamuru arudi kwao akawachekeshe kama alivyowaliza. Hijra, ndugu zangu! Safari tukufu kuliko safari zote za zama zile, na bado machozi ya wazazi yalitiwa katika hesabu. Seuze mtu anayehamia mtaa wa pili?

Basi tufanye nini, kama mke ana haki ya mlango wake na mama ana haki ya kutolizwa? Jibu tunalipata katika nyumba ya Mtume mwenyewe. Bibi Fatima (R.A.) alipoolewa na Sayyidna Ali (R.A.), vyombo alivyopewa na baba yake vilikuwa vichache: nguo nene ya kujifunika, kiriba cha maji, na mto uliojazwa nyasi za idhkhir. Alitoka nyumbani kwa baba yake akaingia nyumbani kwa mumewe. Ibn Saad ameeleza katika Tabaqat kwamba nyumba ile ya mwanzo ilikuwa mbali kidogo na Mtume, naye akatamani binti yake awe karibu. Haritha bin Nu'man alikuwa na nyumba jirani na Mtume, na tayari alikuwa amekwisha kumwachia baadhi yake, hata Mtume akaona haya kumwomba tena. Haritha aliposikia akaja mwenyewe akaitoa nyumba yake kwa moyo mkunjufu, na Bibi Fatima akahamia hapo.

Zingatieni yaliyomo katika kisa hiki. Hakuna baba aliyempenda mwanawe kuliko Mtume alivyompenda Fatima. Lakini hakumrudisha ndani ya nyumba yake, wala hakumwambia Ali ahamie kwake. Alitaka awe karibu, katika nyumba yake mwenyewe. Na ukaribu huo ulizaa matunda. Siku Fatima alipochoshwa na kusaga na kuchota maji, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi, asimkute, akamwachia maneno Bibi Aisha (R.A.). Usiku ule ule Mtume akawafuata nyumbani kwao, akakaa nao, akawafundisha tasbihi, tahmidi na takbira za kusoma kabla ya kulala. Binti anakwenda kwa baba, baba anakuja kwa binti, na kila mmoja ana kizingiti chake. Hiyo ndiyo sunna ya kuhama: karibu, lakini mlango wake.

Kwa msingi huo ndipo tulipowakalisha kijana yule, mama yake na baba yake, na wazee wawili wa mtaa. Hatukumwambia mama kwamba amekosea kulia. Tulimwonyesha kuwa ule ugomvi ukiachwa uendelee utafika Mahakama ya Kadhi, na huko wanandoa wakiachana, atakayempoteza mjukuu ni yeye. Tukakubaliana kijana ahamie mtaa wa pili, lakini kwa masharti yanayopimika: apite kwa mama yake kila siku akirudi kazini, kabla ya kufika kwake; Ijumaa wale pamoja baada ya sala; fungu la unga na mafuta la kila mwezi lisipungue hata shilingi moja kwa sababu ya kodi; na mjukuu aende kwa nyanya yake bila ya kuhesabiwa siku. Mama aliuliza jambo moja tu: je, akienda yeye kwao, atapokewa? Baba ndiye aliyejibu, kwamba watabisha hodi pamoja. Siku ya kuhama, baba alishika upande mmoja wa kitanda.

Nafahamu kwamba si kila hali ni kama hii. Yuko mwana pekee mwenye mama mgonjwa au kipofu, hana mwingine wa kumpa maji ya kutawadha. Huyo haimfalii kumwacha peke yake. Na atumie ile ruhusa ya wanazuoni: chumba ndani ya ua ule ule, chenye mlango wake, kufuli yake, na seredani ya mke kando. Akiweza kuongeza choo na lango dogo, ni bora zaidi. Mke akisubiri juu ya hilo kwa hiari yake, basi ni ihsani, na ihsani hushukuriwa, haidaiwi kama deni. Yuko pia anayelazimika kwenda mbali, Nairobi, Mombasa au Ghuba, kwa ajili ya riziki. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hivyo huyo na amwachie mtu wa karibu amana ya wazazi wake, apige simu kuzungumza wala si kuagiza tu, na asidhani kuwa pesa za M-Pesa zimemaliza haki. Pesa hununua sukari. Hazikai na mama jioni.

Namalizia kwa nasaha fupi kwa kila mwenye nyumba.

Ewe mwana, omba ruhusa kabla ya kutafuta chumba, wala si baada ya kulipa kodi. Mama anayetakwa shauri hulia kidogo. Anayepewa habari tu hulia miaka. Na ukihama, hama mchana, kwa dua na kwa salamu. Usihame usiku kama mwizi.

Ewe mke, umepata mlango, usiufanye ushindi. Chungu cha kwanza utakachopika katika jiko lako, cha kwanza kupakuliwa kiwe cha mavyaa wako, na kipelekeni pamoja na mumeo. Leo wewe ni mkaza mwana, na kesho, akipenda Mungu, utakuwa mavyaa.

Ewe mama, ulimfundisha mtoto huyu kutembea kwa kumwachia mkono. Ulirudi nyuma hatua mbili, ukakunjua mikono, ukamwita. Fanya vivyo hivyo sasa. Usiyatumie maneno ya radhi kuwa kamba ya kumfungia mtu mzima, kwani dua ya mzazi ni silaha nzito, na pengine ikamwangukia mjukuu asiyejua lolote. Ukienda kwao bisha hodi, kama tulivyoamrishwa katika Surat An-Nur, aya ya 27. Utapewa heshima kubwa kuliko ile uliyoipata ulipokuwa ukiingia bila ya hodi.

Ewe baba, usikae msikitini ukawaachia wanawake ugomvi wote. Neno lako moja la kuruhusu laweza kuiokoa ndoa ya mwanao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa na milango inayofungika kwa stara na kufunguka kwa wema, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na awajaalie vijana wetu wanaoanza nyumba zao mapenzi na huruma baina yao. Atuepushe na machozi ya mzazi na dhulma kwa mke. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.